Kiti cha wadhamini: kikao, lakiri na shamba la paina

Hapa Iringa mjini, mtu akishajulikana kuwa ni mwenyekiti wa bodi ya wadhamini wa shirika la hisani, huanza kuletewa maombi ambayo si yake kuyajibu. Atasimamishwa Soko Kuu na mama anayemtafutia binti yake nafasi ya hosteli, ataulizwa baada ya ibada kama shirika halihitaji dereva, na mzazi aliyeshuka na basi la alfajiri kutoka Kilolo atamsubiri nje ya geti akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi. Wote huamkia kwa heshima, "Kamwene, Mama Mwenyekiti," na wote huamini kwamba nikishatamka jambo limekwisha. Mimi huwaelekeza kwa mratibu wa shirika, ambaye ana fomu, ana vigezo na ana daftari la waombaji, na najua kwamba baadhi yao huondoka wakiamini kuwa nimewakwepa. Naandika makala haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wastaafu wenzangu ambao siku hizi wanaombwa kushika nafasi kama hii bila kuelezwa ni kazi ya namna gani.

Kwa maoni yangu, mamlaka ya mwenyekiti wa wadhamini yamo ndani ya kikao, na kikao kikishafungwa yeye ni mdhamini mmoja tu miongoni mwa wadhamini, asiye na nguvu zaidi ya muuguzi mstaafu aliyeketi kushoto kwake au mkulima wa viazi aliyeketi kulia. Jambo hili linaonekana dogo linapoandikwa, lakini mashirika ya hisani ya huku nyanda za juu kusini ambayo nimeyaona yakidhoofika hayakudhoofishwa kwanza na ukosefu wa fedha. Yalidhoofishwa na mtu mmoja, mara nyingi mwanzilishi na mara nyingi mwema kabisa, aliyekuwa akiamua peke yake njiani, kwa simu au sebuleni kwake, hadi siku alipougua na ikagundulika kwamba hakuna mwingine anayejua hati za kiwanja zimewekwa wapi.

Sheria yenyewe imeliona hilo mapema. Wadhamini wa mashirika ya hisani, ya dini na ya elimu husajiliwa chini ya Sura ya 318 ya sheria zetu, na anayesimamia usajili huo ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wananchi wengi wanaujua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo tu. Kinachosajiliwa ni wadhamini kwa pamoja kama chombo kimoja, chenye uhai wa kisheria usiokatika mdhamini anapofariki au kujiuzulu, chenye uwezo wa kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na chenye lakiri yake, yaani muhuri wake rasmi. Kwa hiyo hosteli yetu, shamba letu na gari letu bovu havina mwenye kuviita vyake. Mimi sivimiliki, mwanzilishi havimiliki, na mfadhili aliyetoa fedha za bati havimiliki pia, ingawa kila anapotutembelea huoneshwa "hosteli yake".

Lakiri yetu imefungiwa katika sanduku la chuma ofisini, na ufunguo anao katibu wa bodi, si mimi. Haigongwi kwenye mkataba wala kwenye karatasi ya ardhi mpaka muhtasari wa kikao uonyeshe uamuzi kwa maneno yasiyo na utata, na wanaotia saini kando yake ni wadhamini waliotajwa katika muhtasari huo. Aliwahi kuja ofisini mtu mwenye haraka sana, aliyetaka tuthibitishe mpaka wa kiwanja "leo leo" kwa kuwa mpimaji anaondoka, na akashangaa kuambiwa kwamba mwenyekiti yupo, lakiri ipo, wino upo, lakini kikao hakipo. Alirudi baada ya kikao, na mpaka wenyewe ulikuwa umesogea kuelekea upande wetu tofauti na alivyotuchorea mara ya kwanza.

Niseme shirika letu linafanya nini, kwa sababu bodi haiwezi kueleweka bila kujua inalinda nini. Lilianzishwa miaka ya mwanzo ya 2000, wakati Njombe bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa, na wakati misiba ya UKIMWI ilipokuwa ikifuatana kiasi kwamba bibi mmoja aliweza kubaki na wajukuu wa watoto wake watatu katika nyumba moja. Janga hilo halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima, huku Njombe ikiwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Dawa zimewarudishia wazazi wengi maisha, na watoto wanaofiwa leo ni wachache kuliko wa wakati ule, lakini nyumba zinazoendeshwa na bibi bado ziko katika kila kitongoji tunachokifikia.

Katiba ya shirika iliandika lengo kuu kuwa ni "kulipia ada za sekondari watoto yatima na walio katika mazingira magumu". Ilipofika Januari 2016, serikali ikaondoa ada katika sekondari zake, zile shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, na ghafla lengo kuu letu likawa halina kazi kubwa ya kufanya. Wafadhili waliendelea kutuma fedha zilizoandikwa "ada", mratibu wa wakati huo akaendelea kuzipokea, na mdhamini mmoja akapendekeza tuwahamishie watoto wachache katika shule binafsi ili fedha zitumike sawasawa na maneno ya katiba. Hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa sababu mdhamini kweli anabanwa na maneno yaliyoandikwa na hawezi kutumia fedha za ada kujengea choo kwa kuwa tu choo kinahitajika zaidi.

Wakati ule nilikuwa mjumbe wa kawaida, na mwenyekiti aliyenitangulia alinifundisha kwa vitendo namna ya kuliendesha jambo la aina hiyo. Hakusema anachotaka. Aliagiza kwanza ipatikane orodha ya watoto wetu wote pamoja na kinachowafanya wakose shule sasa hivi, na orodha ilipokuja ikaonyesha kwamba wasichana wanatembea mwendo mrefu mno kwenda shule ya kata au wanapanga chumba wenyewe karibu na shule, wakipika, wakilala na kujilinda peke yao wakiwa kidato cha pili. Ndipo bodi ikarekebisha katiba kwa utaratibu wake, lengo likapanuliwa hadi malazi na chakula cha wanafunzi, marekebisho yakapelekwa RITA na kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na wafadhili wakaandikiwa barua moja moja kuombwa ridhaa ya kubadili matumizi ya fedha zao. Wawili walikataa, wakarudishiwa zao. Hosteli ya wasichana tuliyo nayo leo ilitokana na barua zile.

Nimetaja Msajili na RITA kwa pamoja, na hapo ndipo wadhamini wengi wapya huchanganyikiwa. Shirika letu limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na mali zake zimeshikwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, kwa hiyo tuna milango miwili ya kupeleka taarifa kila mwaka na mlango mmoja hauujui mwingine umepokea nini. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, yaliyozitaka taasisi zijisajili chini ya sheria inayolingana na kazi zao, yaliwakuta wengi hawajui hata cheti chao ni cha aina gani. Mlango wa tatu ni TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na huo ndio wenye dhana potofu kubwa kuliko yote, kwamba shirika likiitwa la hisani basi halidaiwi kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, hadhi ya hisani kikodi hutolewa kwa uamuzi wa Kamishna baada ya kuombwa, na hata ukiwa nayo, kodi inayokatwa kwenye mishahara ya mpishi na mlinzi inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kama kwa mwajiri mwingine yeyote. Mwenyekiti hahitaji kuwa mhasibu, lakini ahakikishe kwamba kila kikao kinaletewa risiti za malipo hayo, kwa kuwa riba ya kodi iliyochelewa hulipwa na fedha za chakula cha watoto.

Sasa nije kwenye shamba, kwa sababu hapo ndipo kiti hiki kilinipima zaidi. Kijiji kimoja cha Kilolo kililipatia shirika ardhi, na wazee wetu wa mwanzo wakapanda paina kwa wazo kwamba miti itakuja kusomesha watoto bila kuomba. Walifanya jambo la busara la kudai muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, siyo wa halmashauri ya kijiji peke yake, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Karatasi hiyo, yenye majina na saini za watu ambao wengine sasa ni marehemu, imetuokoa zaidi ya mara moja uongozi wa kijiji ulipobadilika na wapya wakauliza shirika liliingiaje pale.

Anayejua biashara ya mbao ya Mafinga, Kilolo na Njombe anajua kishawishi cha kuuza mapema. Paina inayopaswa kufikisha miaka kama kumi na minane au zaidi ili itoe ubao mzuri huanza kutafutwa na wanunuzi ikiwa na nusu ya umri huo, kwa kuwa zile mashine za kuhamahama za kupasulia mbao, wenyewe wanaziita dingidongi, hazichagui gogo nene. Kiangazi kimoja paa la bweni lilikuwa likivuja, mfadhili aliyeahidi bati akawa kimya, na akatokea mnunuzi aliyetaka kununua shamba lote, miti ikiwa imesimama, kwa fedha taslimu. Mnunuzi huyo alikuwa shemeji wa mdhamini mwenzetu.

Mdhamini huyo ni mtu ninayemheshimu, na hakuficha. Alilisema jambo hilo mwenyewe kabla ya ajenda kuanza. Lakini alipomaliza kulisema alitaka kubaki kitini, na wajumbe wawili wakaona si adabu kumtoa mtu mzima kikaoni kwa jambo ambalo amelisema kwa uwazi. Nilimwomba atoke. Nilimwambia, "Baba, tukiuza kwa shemeji yako ukiwa humu, hata bei ikiwa nzuri, kijijini watasema wadhamini wamegawana miti, na wewe ndiye utakayeishi na maneno hayo." Alikaa kimya kidogo, akachukua kofia yake akaenda kukaa kwenye benchi nje ya jiko, na tulipomaliza tulimkuta anamsaidia mpishi kuchambua maharage. Muhtasari unaonyesha saa aliyotoka na saa aliyorudi. Nilisisitiza saa ziandikwe, ingawa katibu aliona ni kukomaa na mambo madogo, kwa sababu mkaguzi au mtu wa kijijini atakayeusoma miaka kumi baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Kikao kiliamua afisa misitu wa wilaya aende kupima kwanza, kisha zipatikane bei za wanunuzi watatu, na kinachouzwa kiwe miti ya kupunguzia tu, ile iliyosongamana na iliyopinda, ili iliyobaki inenepe. Fedha zilizopatikana zilitosha nusu ya paa. Nusu nyingine tulifunika kwa turubai mvua zote za masika, na wasichana wa upande ule walihamishiwa ukumbi wa chakula. Uamuzi huo haukumfurahisha mtu, na mratibu aliyekuwa akikabiliana na wazazi kila asubuhi alikuwa na haki ya kunung'unika. Bado naamini ulikuwa sahihi, kwa kuwa shamba lile lilipandwa kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa pia, na hao hawana mtu wa kuwasemea kikaoni isipokuwa wadhamini. Moto ndio unaonitia hofu sasa, na kila mwaka kabla ya Septemba bodi hudai picha za barabara za moto, yaani njia za kuzuia moto usienee, zikiwa zimesafishwa, siyo maneno kwamba zimesafishwa.

Kuongoza kikao chenyewe kuna ufundi wake. Kwa desturi zetu huku, mzee akishasema kwa utulivu na kuweka mikono magotini, vijana hawamwongezei neno, na mwenyekiti anayetaka mambo yapite haraka anaweza kuitumia desturi hiyo vizuri sana. Mimi hufanya kinyume, kwa kumwita kwanza mjumbe mdogo kwa umri, kisha wa kati, wazee wakafuata, na mimi mwisho kabisa, au nisiseme kabisa kama wamekwisha kukubaliana. Mwanzoni wazee walidhani nimewapunguzia heshima. Walipoona kwamba wanaofuata hujibu hoja za waliotangulia, na kwamba neno lao la mwisho lina uzito zaidi kuliko la kwanza, wakaliacha jambo hilo lipite.

Katika ajenda, mimi humaliza muda mwingi kwenye yatokanayo na kikao kilichopita kuliko watu wanavyopenda, kwa sababu uamuzi usiofuatiliwa kikao kinachofuata huwa haukuamuliwa. Na ninaogopa mengineyo. Huko mwishoni, watu wakiwa wamechoka na harufu ya wali ikitoka jikoni, ndiko mtu huchomeka jambo la kuongeza mtia saini benki au la kumkopesha mtumishi fedha za shirika, na jambo hilo hupita kwa kelele za "sawa, sawa". Utaratibu wetu sasa ni kwamba jambo lolote lenye fedha, ardhi au ajira halipokelewi katika mengineyo, linasubiri kikao kingine likiwa na karatasi yake.

Posho ni suala fupi. Wadhamini wetu hurudishiwa nauli kwa tiketi na kupewa chakula cha mchana, basi. Tumempoteza mjumbe mmoja mwenye elimu nzuri kwa sababu hiyo, na sikumsihi abaki.

Uhusiano wangu na mratibu una ugumu wa pekee, kwa kuwa nilimfundisha jiografia kidato cha tatu na hadi leo ananiita Mwalimu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwa simu "nadhani ingefaa hosteli ifungwe mapema", ataifunga, hata kama hukukusudia kutoa amri. Ndiyo maana maagizo ya bodi humfikia kwa dondoo za kikao zilizosainiwa na katibu, na tunapozungumza nje ya hapo najizuia kutoa maoni kuhusu menyu, likizo za watumishi au nani apewe kitanda. Hiyo ni kazi yake, na anaijua kuliko mimi. Bodi ina haki ya kumuuliza fedha zimekwendaje, watoto wako salama kiasi gani na malalamiko ya mwezi yalikuwa yapi, ikipata majibu ya maandishi, na ina wajibu wa kumtetea akishafuata uamuzi wetu na watu wakamkasirikia.

Kuna saa moja kwa mwaka ambayo mratibu na mhasibu hawaruhusiwi kuwemo chumbani, nayo ni ile ya wadhamini kukutana na mkaguzi wa nje. Hesabu zinaweza kuwa na hati safi na bado ile barua anayotuandikia mkaguzi pembeni ikawa na mambo matatu mazito, kama vocha zisizo na viambatisho au mtu mmoja anayepokea fedha, anayeziandika na anayezipeleka benki. Mwaka mmoja mkaguzi alituuliza kwa upole kwa nini stoo ya mahindi haina leja. Hakukuwa na wizi uliogunduliwa, ila tulipoanza kuandika magunia yanayoingia na debe zinazotoka, mahindi yakaanza kufika hadi mavuno mapya, jambo ambalo halikuwa likitokea zamani. Kila mtu alikuwa na maelezo yake na sikuyatafuta zaidi ya hapo.

Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti vipindi viwili, na changu cha pili kinaelekea ukingoni. Wapo wanaosema niombe kibali cha kuongezewa, na wanasema kwa mapenzi, lakini nimeshamwandikia katibu aweke uchaguzi kwenye ajenda na aandae fomu za mabadiliko ya wadhamini za kupeleka RITA, pamoja na barua ya benki ingawa mimi si mtia saini wa hundi za kila siku. Majina yaliyopendekezwa ni mawili, mama mmoja mhasibu kutoka Mafinga na kijana wa misitu anayefanya kazi Njombe. Mhasibu ameomba apewe kwanza barua za mkaguzi za miaka mitano iliyopita kabla ya kukubali jina lake lisimame, na katibu amekwisha kumtengenezea nakala.